Kilo za Mama

Majani mabichi ya chai yakishindiliwa ndani ya gunia na lori likachelewa, huanza kupata joto. Penyeza mkono katikati utadhani kuna mnyama amelala humo. Harufu yake haifanani na ya chai ya kwenye kikombe. Ni ya nyasi zilizovunjika, tamu kidogo, na chini ya utamu huo kuna uchachu. Mimi nashona sare za shule mjini Kisii, na harufu ninazoshinda nazo ni za kitambaa kipya na mafuta ya cherehani. Ndiyo maana likizo iliyopita, niliposhuka kwenye bodaboda kando ya kituo cha kununulia chai cha kwetu, upande wa Nyamira, miguu ilisita yenyewe.

Kituo kimebadilika. Siku hizi kuna mizani ya betri inayoandika namba nyekundu, na karani ni kijana mwenye simu mbili. Lakini pembeni, juu ya msumari, walikuwa wameitundika ile mizani ya zamani, yenye uso wa duara kama wa saa ya ukutani. Kioo chake kimevunjika, ndoano imeshika kutu, mshale umelala karibu na sifuri. Nikasimama nikaitazama. Binti yangu Moraa, aliyekuwa amebeba mkoba wangu, akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na hakukuwa na vumbi popote, ila mtoto aliyelelewa vizuri hamsuti mama yake barabarani.

Utotoni mwangu kituo kilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, meza ndefu ya kuchagulia majani, na mizani hiyo. Karani alikuwa mtu wa upande wa ziwa, Ouma, mrefu hata ikambidi ainame kila alipopita chini ya boriti. Kigusii chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo kina mama walilazimika kusema naye Kiswahili, na Kiswahili chao kilimchekesha, naye akakificha kicheko ndani ya daftari. Magunia yakishapimwa na lori halijafika, alituruhusu watoto tujipime. Unaingia ndani ya gunia tupu, unashika kamba, anakutundika kwenye ndoano, nawe unaning'inia ukizunguka polepole huku wenzako wakisoma kilo zako kwa sauti. Mimi nilikuwa kilo kumi na nane. Gunia lilikuwa bado na joto la majani, na nilipenda kukaa humo hadi Ouma aniambie, "Shuka sasa, wewe si chai."

Dada yangu mkubwa ni Kwamboka. Kati yangu na yeye kuna ndugu wawili wa kiume ambao hawamo katika habari hii, na wakilalamika nitawaambia waandike yao. Kwamboka alikuwa kidato cha pili, na akirudi likizoni alikuja na vitabu vilivyofunikwa kwa magazeti. Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha fizikia. Alikisoma akichuma chai, amekipachika mbele kwenye mkanda wa kikapu, vidole vikiendelea kukata majani mawili na kichipukizi bila kuangalia. Mama alimwacha. Alisema mtoto akipenda kitabu hata majani hujichuma yenyewe.

Siku moja nilimuuliza Kwamboka habari ya kaburi la babu. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, na babu alilala nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Kila msimu wa mvua udongo wake ulibonyea. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na akija mwisho wa mwezi aliongeza udongo, akausawazisha kwa jembe, kisha mvua ikanyesha ukabonyea tena. Mimi niliona wazi kwamba huko chini kuna anayevuta. Nilitaka tu kujua jina lake.

"Hiyo ni graviti," Kwamboka akasema.

"Graviti ni nani?"

"Si mtu. Ni nguvu. Dunia inavuta kila kitu kije kwake. Ukiachilia jiwe, inalivuta. Wewe pia inakuvuta, ndiyo maana hupepei kama kuku aliyefukuzwa. Zile kilo unasomewa pale kituoni ni vile dunia inakuvuta. Kitu kizito inakivuta sana, chepesi inakivuta kidogo."

Maelezo mazuri kabisa, na mwalimu yeyote angempa alama zote. Tatizo lilikuwa kichwa kilichoyapokea. Nilikumbuka kwamba jeneza la babu liliwashinda wanaume sita, wakapumzika njiani mara mbili. Babu alikuwa mzito, kwa hiyo dunia ilimtaka sana, ikampata, na bado ilikuwa ikimvuta hata baada ya kumpata. Jirani yetu mnene aliyeuza maziwa nikaanza kumhurumia kila nilipomwona. Mimi na kilo zangu kumi na nane nilikuwa salama.

Tangu siku hiyo niliitazama kazi ya mama kwa jicho jingine. Mkungu wa ndizi ukianza kukomaa, mama alikata mti wenye panda, akauegemeza chini ya shingo ya mgomba usije ukalala. Alizunguka shambani akishika mkungu mmoja mmoja kwa kiganja kwa chini, akiupima. "Huu haujiwezi tena," alisema, "leta mti." Nikamletea mti. Nikajua mama anapigana na dunia, na kwamba kwenye vita hivyo mimi ni askari wake.

Kisha mama akaanza kuugua. Haukuanza kama ugonjwa. Ulianza kama mtu aliyekinai chakula. Ugali ulikataa kushuka, akawa anasukuma kila tonge kwa maji, halafu akaacha ugali akabaki na uji wa wimbi. Walimpeleka hospitali kubwa, wakarudi na barua ambayo Kwamboka aliisoma peke yake nyuma ya jiko. Zahanati yetu ilikuwa ng'ambo ya mto, kupanda na kushuka, na nesi aliposikia mama hawezi tena mwendo huo akasema angalau uzito wake uandikwe kila wiki, aletewe kwenye karatasi. Ndipo Kwamboka, aliyekuwa amebaki nyumbani shule zilipofunguliwa, akamwendea Ouma.

Kwa hiyo kila Jumatatu, majani yakishapimwa, mama alipimwa. Kina mama waligeuka wakajifanya wanachambua majani mezani ili asione haya. Ouma alilikung'uta gunia safi, akatandika kanga ndani yake, akamshika mkono mama aingie. Kwamboka alisimama nyuma, mikono miwili imekaa chini ya gunia bila kuligusa, tayari. Mama alishika kamba, akaning'inia, akatazama mbali kwenye mashamba. Ouma alisoma kwa sauti ya chini. "Mama Kwamboka, hamsini na moja."

Jumatatu iliyofuata ikawa arobaini na nane, na baadaye arobaini na tano.

Nami nilifurahi. Sitaki kulizungukazunguka neno hili, maana nimelizunguka muda mrefu. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Kila mshale uliposimama mapema zaidi, niliona dunia imelegeza kidole kingine. Siku ya arobaini na tano nilipiga makofi nikasema, "Mama, umepungua tena!" Kwamboka akanifinya sikio hadi machozi yakatoka. Mama akamwambia amwache mtoto. Tulipofika nyumbani akaniita kitandani akaniuliza, bila ukali, kwa nini ninafurahi. Nikamnong'oneza hesabu yangu yote, kuanzia babu na wanaume sita hadi mshale wa Ouma. Nikamaliza kwa kusema, "Dunia inakuachilia. Ikifika sifuri haitakuweza."

Mama alinitazama. Macho yake yalikuwa makubwa siku hizo kwa sababu uso ulikuwa umebaki mdogo. Akanivuta karibu, nikasikia harufu ya uji na ya mafuta ya mgando aliyojipaka midomoni. "Basi tusimwambie mtu," alisema.

Askari akipewa siri na jemadari wake hawezi kukaa bure. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma, Kwamboka alichemsha yai moja, akalimenya nusu, akaliweka kwenye sahani ya bati juu ya kigoda kando ya kitanda pamoja na kikombe cha uji. Nyumbani kwetu yai halikuwa la kuliwa ovyo. Mayai yalingoja kuatamiwa au yalikwenda sokoni Nyamira. Hili lilikuwa dawa. "Mama apate nguvu, aongezeke kilo," Kwamboka aliniambia, na kazi yangu ilikuwa kukaa naye hadi amalize. Mnaona nilivyobanwa. Dada aliyenifundisha graviti sasa alikuwa anamnenepesha mama kwa ajili ya dunia.

Asubuhi ya kwanza mama alilitazama yai, akasema, "Nimeshiba. Liache hapo," akageukia ukutani. Nikaona nafasi yangu. Nikalichukua, nikatoka kwa vidole vya miguu, nikaenda hadi kwenye migomba nikalila. Nililila haraka bila chumvi wala maji, na kiini chake kikavu kikanikwama kooni hadi nikapiga kifua changu kwa ngumi. Maganda nikayafukia chini ya majani makavu. Niliporudi mama alikuwa bado ameelekea ukutani, na sahani tupu ilinipa fahari.

Nilifanya hivyo kila siku isipokuwa Sabato, maana siku hiyo Kwamboka alishinda nyumbani na hakuwasha moto. Kila asubuhi mama alisema ameshiba, kila asubuhi aligeuka. Kilo zikaendelea kushuka, na mimi nikajua ni kazi ya mikono yangu.

Jumatatu ya mwisho hakuweza kushika kamba. Ouma alimwinua mwenyewe kutoka kwenye toroli tuliyomletea, mkono mmoja mabegani na mwingine chini ya magoti, akasimama naye hivyo mbele ya mizani. Hakumweka kwenye gunia. Nikamuuliza, "Ngapi?" Akasema mizani imekwama. Akamrudisha polepole kwenye toroli akaenda kusimama nyuma ya kituo. Hakuandika kitu kwenye karatasi, nami nikaamini kabisa kwamba tumefika sifuri.

Sitaeleza mazishi. Wanaoyajua mazishi ya kwetu wanajua, na wasioyajua watosheke na hili, kwamba jeneza la mama lilibebwa na wanaume wanne tu, na hawakupumzika njiani hata mara moja, na bado lilishuka. Nilisimama pale nikiliangalia linashuka kwa kamba na kitu pekee nilichohisi kilikuwa kudanganywa. Baadaye niliyakasirikia maji, mawe, ndizi zilizoanguka, kila kitu kilichokwenda chini kwa utii. Kwa miezi nilikataa kukaa chini sakafuni. Nilikataa kutembea pekupeku, nikavaa mabuti ya mpira ya baba yaliyonifika mapajani, nikaenda nayo mpaka shuleni, na mwalimu ambaye alitaka kunicheka akaambiwa jambo sikioni na mwenzake akaacha.

Kisha nikakua, na hesabu ikageuka. Nilikuwa darasa la sita au la saba nilipoelewa kwamba mtu mgonjwa hupungua kwa kukosa chakula, na kwamba nesi hakutaka kilo zishuke. Tangu siku hiyo sijala yai la kuchemsha. Wanaonipikia hufikiri lina madhara kwa ngozi yangu. Kwamboka hakurudi shule. Alibaki kutulea, akaolewa mlima wa pili tu kutoka kwetu, na majani yake hadi leo anayapeleka kituo kile kile. Vitabu vyake vilivyofunikwa kwa magazeti viliishia kuwashia moto. Kila nilipomtazama nikaona nimemnyang'anya mambo mawili, mama na fizikia, kwa mdomo mmoja.

Binti yangu nilimpa jina la mama, kama ada yetu ilivyo. Aliyeondoka hurudishwa kwa jina. Ni Moraa huyu anayesoma fizikia chuo kikuu Nairobi. Sikumchagulia. Nilipoona barua yake ya kuitwa chuoni nilicheka, kisha nikafunga duka mapema.

Sasa turudi kwenye likizo hiyo. Tulimkuta Kwamboka uani kwake, kutoka ambako unaiona ng'ambo ya bonde migomba ya nyumba yetu ya zamani. Alikuwa anapima gunia lake kwa ile mizani ndogo ya mkono, ili karani asije akamkosesha. Baada ya chai Moraa akatangaza, kama mtu anayeeleza bei ya sukari, kwamba graviti si nguvu.

Kwamboka akaweka kikombe chini. "Nani amesema?"

"Ni vile iko, Anti. Tumesoma hiyo semesta hii."

"Kitabu chetu kilisema ni nguvu. Dunia inavuta."

"Hesabu zake zinafanya kazi, ndiyo maana bado wanafundisha hivyo. Lakini hakuna mtu anakuvuta. Sasa hivi umekaa kwenye stuli. Unasikia nini? Unasikia ukivutwa?"

Kwamboka alitulia, akajisikiliza. Ni mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini mwenye goti bovu, na alijisikiliza kwa makini kama msichana wa kidato cha pili. "Nasikia stuli," alisema mwishowe.

"Stuli inakusukuma juu. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli hapo. Hiyo ya kuvutwa hujawahi kuisikia, hata siku moja."

"Usiniletee mambo ya Nairobi. Sasa kikombe nikikiachilia kinaanguka kwa nini?"

Moraa alijaribu. Alisema watu wawili, mmoja atoke Kisii, mwingine Nyamira, wote waelekee kaskazini moja kwa moja bila kupinda hata hatua. Mwanzo wako mbali, lakini wakizidi kwenda watajikuta wanakaribiana, na mwisho kabisa, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, watagongana. Watadhani kuna kitu kiliwavuta. Kumbe kila mmoja alikwenda njia yake iliyonyooka, ila dunia yenyewe ndiyo mviringo. Kitu kinachoanguka nacho kinakwenda njia yake tu, hakivutwi. Ni mahali penyewe na wakati wenyewe ndivyo vimepinda karibu na kitu kikubwa kama dunia.

"Hao wakifika Kitale watakuwa wamechoka," Kwamboka akasema. "Nionyeshe kitu nishike."

Moraa akaichukua mizani ya mkono. Akatundika kifuko cha sukari cha kilo mbili, mshale ukasimama kwenye mbili. Akapanda juu ya stuli, chini kukiwa na rundo la nyasi za ng'ombe, akanipa simu nipige picha ile ya kwenda polepole. Akaachilia, mizani na sukari vikaanguka pamoja. Kisha tukainamisha vichwa vitatu juu ya simu. Pale kwenye mkono wake mshale ulikuwa kwenye mbili. Mara tu vidole vilipofunguka, mshale ukarudi kwenye sifuri, ukakaa sifuri njia nzima hadi kwenye nyasi.

"Rudia," akasema Kwamboka. Moraa akarudia mara mbili. Mara ya tatu Kwamboka alipanda kwenye stuli yeye mwenyewe na goti lake bovu, akaachilia kwa mkono wake, na aliposhuka uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu alipokuwa anachuma chai na kitabu kifuani.

"Dunia iko palepale," alisema polepole. "Sukari ni ileile. Kilo zimeenda wapi?"

"Hazikuwa za dunia, Anti. Mizani haijui mambo ya kuvutwa. Inajua tu kubebwa. Mkono wangu ulipokuwa unaibeba sukari, ikaandika mbili. Nilipoacha kuibeba, ikaandika sifuri."

Nilitoka. Nilisema naenda kuangalia ndizi, jambo ambalo halijawahi kumdanganya mtu yeyote. Nilisimama kati ya migomba ya Kwamboka nikiona tena gunia lenye kanga ndani, na ndoano, na mikono ya Kwamboka chini yake ikingoja, na Ouma mrefu amesimama na mama mikononi akikataa kumwachilia hata kwa dakika ya kusoma namba. Nilikuwa nimeutazama mshale ule nikiona dunia peke yake, na sikuwaona watu. Huzuni ya miaka yote ikanipanda kooni, kavu kama kile kiini, na nilimtamani mama kwa namna ambayo mtu mzima huwa anaona aibu kuisema.

Kwamboka akaja nyuma yangu na mti wenye panda mkononi, kwa kuwa kwake hata kufuata mtu lazima kuende na kazi. Akaanza kuegemeza mgomba mmoja. Nikashikilia shingo ya mgomba, na huku nimeshikilia nikamwambia. Nilimwambia yai la kila asubuhi, nikamwambia maganda, nikamwambia hesabu yangu na makofi yangu. Nikamwambia, "Mimi ndiye nilimmaliza mama, na wewe ukaacha shule."

Aliusukuma mti hadi ukakaza, akaujaribu kwa mkono. "Maganda nilikuwa nayaona," alisema. "Hukuwa mwizi hodari."

"Ulijua?"

"Kemunto, mama hakuweza kumeza yai hata siku moja tangu tulipotoka hospitali kubwa. Koo lilikuwa limefunga. Hata huo uji alikuwa anaramba tu kulowesha mdomo."

"Mbona ulikuwa unalichemsha?"

"Aliniamuru. Nilimwambia, mama, tunapoteza mayai. Akasema, halipotei, wewe chemsha, mpe mtoto amletee mama yake. Akaniambia una hesabu yako ya graviti na nisikuharibie." Alifuta mikono kwenye leso. "Aligeukia ukuta ili ulichukue. Lakini hakuweza kutoka nje kuona kama umelila au umewatupia kuku. Kwa hiyo kila jioni nikirudi shambani, kabla hata ya kumgeuza, swali lilikuwa moja. 'Amekula?' Nami nilikuwa nimepitia kwenye migomba, nimehesabu maganda. Namwambia, amekula, amelimaliza. Ndipo anafunga macho."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Nilimuuliza kwa hasira, na hasira yenyewe ilinishangaza.

"Nilidhani unajua ni lako," alisema.

Asubuhi iliyofuata nilikuta sahani mezani, na juu yake yai moja lililochemshwa na kumenywa nusu, na chumvi kidogo pembeni. Kwamboka alikaa kwenye stuli yake akijifanya anachambua mboga za managu. Nilimenya nusu iliyobaki. Nililila polepole, na lilishuka. Moraa alikuwa nje akifunga mkoba wetu kwenye bodaboda, akaita kutoka uani kwa sababu dereva alikuwa anangoja.

"Anti, amekula?"

Kwamboka aliacha mboga zake. Alitazama sahani, akatazama mlango ambako sauti ilikuwa imetokea.

"Amekula, Moraa," alisema. "Amelimaliza."